Niliitwa Nikanyamaza

Wiki iliyopita niliwaacha pale habari ilipofika kutoka hospitali ya mjini Alice, huku kwetu Australia, kwamba mama yangu mkubwa hatarudi tena kijijini. Ndiye aliyenipa jina lake nilipokuwa kichanga.

Wewe unayeanza leo usihofu, yaliyopita ni machache. Mimi ni mama wa binti mmoja, Lorelle. Naishi kwa posho ya serikali, na ili niipate, kila asubuhi sharti niende kwenye banda la ofisi ya kazi nikashone mifuko ambayo hakuna anayeibeba. Jioni nasoma malezi ya watoto pale shuleni. Kisha ikatokea kazi ya kweli, yenye mshahara, kwenye chekechea yetu wenyewe. Ofisi ikaniahidi: nisikose bandani hata siku moja mwezi mzima, nao watanipendekeza.

Jina langu silitaji humu, na si kwa kujificha. Kwetu mtu akifa, jina lake linazikwa naye, na kila anayelibeba analitua mpaka matanga yaishe, hata ikiwa ni miaka. Ukiwa na jina la marehemu unaitwa Kumanjayi, basi. Au unaitwa kwa ukoo wako. Mimi ni Nangala.

Leo naungama. Mtanihukumu mkipenda.

Aliyekuwa akiita majina bandani ni mama mdogo Napangardi, msimamizi wetu, mdogo wake marehemu tumbo moja. Tangu msiba, akifika kwangu hakuita. Aliniinulia kidevu, nami nikamwinulia nyusi, akatia alama akaendelea na wengine. Wala hatukuwahi kuongea juu ya jambo hilo. La kuongea lilikuwa lipi?

Ndipo wakamleta Darryl kutoka kusini.

Darryl si mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma. Mtu mbaya unamtukana moyoni ukalala usingizi. Darryl alituletea biskuti.

Asubuhi yake ya kwanza alisimama nyuma ya mama mdogo, akatazama akiita majina, akakuna ndevu.

“Mama, hapa umetia alama lakini sikusikia jina.”

“Umemwona mtu?” mama mdogo akauliza.

“Nimemwona.”

“Basi.”

“Basi haitoshi, mama. Makao makuu wanataka jina liitwe kwa sauti na mwenyewe aitike. Zamani hapa watu walitiwa alama wakiwa wamelala kwao.”

“Wengine hata tukija tunalala, bosi,” akadakia binamu yangu Shaneen. “Ila cherehani ndiyo mto.”

Wanawake wakacheka. Darryl naye akacheka, maana ni mtu wa watu. Kisha akampokonya mama mdogo ile kazi kwa adabu zote, kama mtu anayempokea mzee mzigo, akaanza kuita mwenyewe.

Akafika kwangu. Akalitaja.

Alilitaja lote, kwa sauti nzuri ya kizungu, mbele ya mdogo wake marehemu aliyekuwa bado na udongo mweupe wa matanga kwenye paji la uso.

Mama mdogo akaweka mkasi mezani. Akajifunika kitambaa kichwani, akatoka. Akafuata mke wa kaka yake, wakafuata wengine, mmoja mmoja, bila neno. Banda likabaki na vyerehani, na Shaneen aliyekuwa akitafuta kiatu chake, na mimi.

Darryl akalitaja tena.

Nikatazama uzi.

“Uko hapa. Nakuona,” akasema. “Sema tu nipo, dada. Neno moja.”

Nikatikisa kichwa.

“Basi nitaandika hayupo. Sina njia.”

Aliponipa mgongo Shaneen akaninong'oneza: “Umesikia? Wewe umeanza kushona kabla jua halijatoka, hupo. Mimi nimekuja kutafuta kiatu, nipo. Serikali ina macho makali.”

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Nilikuja, nikashona, nikaitwa, nikanyamaza. Kitambaa kilipokwisha tukafumua mifuko ya juzi ili tupate cha kushona, na hata kwenye kufumua sikuwepo.

Nikaenda ofisini kumweleza. Nilikuwa nimejipanga vizuri, kama tunavyofundishwa kule darasani: tuliza sauti, mtazame mtu, anza na lile mnalokubaliana.

“Darryl, sote tunataka niende chekechea.”

“Kabisa. Wewe ndiye bora kuliko wote nilio nao.”

“Basi niite Nangala. Au Kumanjayi.”

“Nangala wako tisa.”

“Kumanjayi je?”

Akatafuta kwenye mashine yake. “Wako sita.”

“Ndiyo. Watu wanakufa.”

Aliinamisha kichwa. Aliona haya kidogo, nilimwona. “Tulifundishwa habari za mila zenu kabla ya kuja. Naziheshimu kutoka moyoni. Ila mashine inakujua kwa jina moja tu. Labda uniletee cheti cha kifo, nikuombee ruhusa ya msiba.”

“Cheti kina nini ndani?”

“Kina jina la...” Akakomea hapo.

“Na nikikuletea, utafanya nini nalo?”

“Nitalisoma kwa simu kwa makao makuu,” akasema polepole, akanisogezea sahani ya biskuti.

Nikachukua mbili, moja ya Lorelle. Njaa haijui kununa.

Siku ya posho nikaenda dukani. Lorelle alikuwa begani, amebeba tufaha lake mwenyewe kama yai. Mwenye duka akapitisha kadi yangu ya posho, akaipitisha tena, akaifuta kwenye fulana yake, akaipitisha mara ya tatu.

“Hamna kitu, mpenzi.”

“Imeharibika?”

“Kadi ni nzima.”

Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa watu. Hakuna aliyesema neno, na hiyo ndiyo heshima ya kwetu. Lorelle akalirudisha tufaha kwenye kasha, akalipanga sawasawa na wenzake, akanishika sikio. Laiti angelia.

Darryl akaniambia adhabu ni wiki nane bila posho. Akaongeza kwamba siyo yeye, ni mfumo. Nikamwambia amsalimie mfumo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo dhambi yangu ilipoota mizizi.

Aliyetulisha siku zile ni mama mdogo Napangardi. Nyumba yake ameihama kwa sababu ya msiba, analala kwenye kambi ya matanga nje ya kijiji, juu ya blanketi, naye akatulisha. Alinikatia mkia wa kangaruu uliotoka kwenye majivu, kipande kinono cha juu ambacho angestahili kula yeye. Akampa Lorelle mkate wenye chai, akimlowekea kipande kipande.

“Ofisi wamekufungia?” akaniuliza.

“Wamenifungia, mama mdogo.”

“Kwa sababu yake?”

Hakumtaja. Aligusa tu kifua chake, mahali tunapogusa kumaanisha dada.

“Ndiyo.”

Akatafuna, akatema mfupa mdogo. “Dada yangu bado anazungukazunguka hapa. Hajafika anakokwenda. Ukimwita atageuka, atarudi kututazama, na hatuna cha kumpa. Usimwite, mwanangu. Tutakula pamoja mpaka wachoke wao.”

“Sitamwita, mama mdogo.”

“Sema tena.”

“Sitamwita.”

Akanifuta mafuta ya mkia kidevuni kwa kidole gumba, kana kwamba mimi ndiye Lorelle.

Haikupita wiki Darryl akanifuata hadi kwangu. Alikuja kwa miguu, amevua kofia.

“Kamati ya akina mama wa chekechea wanakaa kesho asubuhi kuchagua mtu. Mshahara unapitia kwetu, kwa hiyo lazima jina litoke kwetu. Nataka liwe lako.”

“Litoe.”

“Lina alama nyekundu. Mtu mwenye adhabu hapendekezwi.” Akachuchumaa akawa sawa na Lorelle, akamchekea. “Lakini kuna njia. Unapiga simu ya huduma mjini, unajitambulisha, unasema ulikuwa na msiba. Ni mazungumzo mafupi. Nimewaomba sana. Adhabu inafutwa leo hii hii.”

“Kujitambulisha ni kufanya nini?”

Jibu alikuwa nalo, nami nilikuwa nalo.

“Ofisi itakuwa yako peke yako,” akasema. “Nitatoka nje kabisa. Hakuna atakayesikia.”

Nilienda. Sikuburutwa, nilienda kwa miguu yangu, nimembeba mwanangu na vitabu vyangu vya jioni ndani ya mfuko nilioushona mwenyewe bandani, pengine mfuko pekee kati ya ile yote uliowahi kubeba kitu.

Simu ya ofisini mkono wake ulikatika zamani. Inasemea kwenye spika tu. Joto lilikuwa kali. Darryl, kwa wema, akanifungulia dirisha nipate hewa, akanibonyezea namba, akatoka. Lorelle akabaki na Shaneen barazani.

Ikaja sauti ya mwanamke wa mashine. “Kwa usalama wako, taja jina lako kamili.”

“Kumanjayi Nangala.”

“Samahani. Hatulipati jina hilo. Taja jina lako kamili.”

“Mimi ni Nangala. Mama yake Lorelle.”

“Samahani. Ukikosea tena simu itakatwa.”

Kupitia dirisha nilimwona Lorelle amepanga mawe barazani mstari mmoja, amekaa mbele yao, amekunja miguu kama ninavyokunja mimi nikijifunza kusimulia hadithi. Alikuwa akiyaimbia. Jiwe moja likaanguka. Akaliokota, akalibembeleza, akalirudisha kwa wenzake. Nikaiona asubuhi ile niliyoiota mwaka mzima: mkeka, watoto, mimi katikati, naye mmoja wao, na hakuna anayeniambia sipo.

Nikainama mdomo ukagusa ile simu. Nikalinong'ona.

Nililinong'ona kwa sauti ambayo hata kifua changu hakikuisikia. Nikasema moyoni, limekwisha, limeingia ndani ya waya, linakwenda mjini, huko hawamjui.

“Asante,” ikasema mashine. Ikalitaja.

Ikalipaza lote, kwenye spika, dirisha likiwa wazi. Tafadhali subiri, ikalitaja. Tumekupata, ikalitaja. Nikabonyeza kila kitufe. Nikaifunika kwa mikono, kwa kitabu, kwa tumbo langu. Ikaendelea kumwita mama yangu mkubwa kijiji kizima kisikie, kwa furaha, kama mwenye kumkaribisha mgeni.

Ilipofika kwa mtu mwenye damu, kijana mmoja mpole, akanipa pole na msiba. Akafuta adhabu. Akaniuliza kama kuna jingine la kunisaidia leo.

Nikatoka. Nje, chini ya dirisha, lilikuwepo blanketi la mama mdogo na kikombe cha chai kisichonywewa. Wanawake wa kamati, mama mdogo akiwa mmoja wao, walikuwa wamekuja kuuliza saa ya kikao cha kesho, wakaketi hapo kivulini kungoja zamu. Sasa hakuna aliyebaki kati yao. Shaneen alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza tangu tuzaliwe hakuwa na la kunitania.

“Nyote mlisikia?” nikamwuliza.

“Tulisikia mashine,” akasema.

“Mashine tu?”

“Mimi nimesikia mashine, binamu. Na wewe usiwe mjinga, useme hivyo hivyo.”

Lorelle akanivuta sketi. Macho yake yalikuwa makubwa, na ndani yake kulikuwa na furaha, Mungu wangu, furaha kabisa.

“Mama, bibi amerudi? Nimesikia wanamwita.”

Nilimbeba. Kadi ikafanya kazi siku ile ile. Nikanunua unga, nyama, tufaha. Lorelle alikula, mimi sikuweza.

Sikulala kwa kufikiri, lakini asubuhi nilioga, nikasuka nywele, nikavaa blauzi ya bluu. Mtanisamehe, matumaini ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni.

Kikao kilikuwa ndani ya chekechea. Viti vilivyokuwepo ni vya watoto. Darryl alijikunja kwenye kimojawapo, magoti yakamfika masikioni, na mama mmoja akasema kwa lugha yetu kwamba leo wamemwandikisha mwanafunzi mpya, apewe maziwa. Wakacheka. Nikacheka nao. Nikasema moyoni, wanacheka, labda Mungu yupo.

Mama mdogo, mkuu wa kamati, aliketi chini, kwenye mkeka. Shingoni alikuwa amevaa kamba nyekundu yenye ufunguo wa chekechea, ambao hukabidhiwa anayechaguliwa. Hakunitazama.

Wakaniuliza.

“Mtoto akilia anamtaka mama yake, utafanyaje?”

“Nitakaa naye chini. Nitamwacha alie kidogo, kisha nitampa mikono yake kitu cha kufanya.”

“Na akiuma wenzake?”

“Nitatazama nani alimuuma kwanza.”

“Huyu amelea,” mmoja akasema. Mwingine akaitikia kwa kidevu. Darryl hakuelewa neno hata moja, ila aliona nyuso, akaniinulia kidole gumba chini ya meza ndogo.

Ndipo mama mdogo akasema: “Nina langu moja.”



“Jana,” akasema, bado anatazama mkeka. “Dirishani. Mashine tumeisikia, na mashine haina mama, haijui kitu. Siilaumu. Lakini kabla yake palikuwa na sauti nyingine, ndogo. Nilidhani ni upepo. Ilikuwa ya nani?”

Shaneen alikuwa mlangoni na Lorelle. Akanikodolea macho, akatikisa kichwa kidogo: hapana, hapana, upepo. Na wale akina mama wote walinitazama vivyo hivyo. Walikuwa wamenifungulia mlango wapite na mimi. Nilichotakiwa ni kusema upepo, na wangekubali, na angekubali, na ingeisha.

“Amesema nini?” Darryl akauliza.

Nikamkumbuka akinifuta kidevu.

“Yangu, mama mdogo,” nikasema. “Niliinong'ona, lakini ni yangu.”

Mama mmoja alivuta pumzi kwa meno. Nje mbwa walikuwa wakipigana, na nilishukuru kwamba kuna kitu kinapiga kelele.

Mama mdogo akainua mikono, akaivua ile kamba shingoni. Akauweka ufunguo juu ya mkeka, kati yangu na yeye. Kisha akaufunika kwa kiganja.

“Mimi nikifa,” akaniuliza taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika, “nikiwa bado njiani, sijafika, na hawa wakakuambia uniite... utaniita kwa ajili ya nini?”

Nilifungua mdomo.

Darryl aliuona ufunguo. Uso wake ukachanua kama wa mtu aliyefungwa mabao akasawazisha dakika ya mwisho. Akajikwamua kwenye kile kiti, akapiga magoti mkekani kati yetu, akatoa simu yake mfukoni.

“Wamekubali? Safi sana. Hongera, dada.” Akainyoosha simu mpaka karibu na mdomo wangu. “Bado kitu kidogo tu, makao makuu wanataka sauti ya mwajiriwa. Sema, naitwa fulani, naikubali kazi hii. Anza na jina.”

Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Kiganja cha mama mdogo hakikusogea.